Kama Hakuna Mwenye Makosa, Nani Ataleta Mbuzi?

Kampemba, Lubumbashi
Jumapili asubuhi

Kwa Mama Kulthumu, Mkurugenzi wa Mafunzo ya Upatanishi wa Familia

Mama Mkurugenzi mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa nimetulia. Naomba hilo lizingatiwe, kwa sababu kwenye ripoti ya kunifelisha umeandika kwamba "mwanafunzi huyu hatulii". Nimetulia tangu Ijumaa. Mke wangu Delphine anaweza kushuhudia, ingawa kwa sasa amejifungia jikoni.

Mimi ni mwalimu wa historia. Magazeti ya mji huu yamechapa barua zangu juu ya maji, umeme, mashimo ya barabarani na viongozi wa kila cheo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunijibu akashinda. Ndiyo maana, ndoa ya binti yangu Léa na mumewe Elisée ilipoanza kuvunjika, nilijiandikisha kwako nijifunze kupatanisha wanaotengana. Nilitaka kuisimamia kesi yao nikiwa na cheti mkononi. Nani angefaa zaidi yangu? Mimi ni baba mzazi, na nilikuwa tayari najua nani ana hatia.

Umenifelisha. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mafunzo yako yanamfuta mwenye makosa. Kwetu, mume na mke wakigombana, familia mbili zinakaa pamoja, wote wawili wanasikilizwa, mmoja anaonekana ana hatia, analeta mbuzi. Mbuzi anachinjwa, tunakula wote, hata aliyeshindwa anapewa mfupa wake, na maneno yanaishia hapo. Mfumo huu una mahakama, adhabu na chakula kwa siku moja. Niambie serikali gani imeweza hivyo. Wewe ulisimama mbele ya darasa ukasema: "Ba papa na ba mama, hapa hatutafuti muntu wa makosa." Nikanyoosha mkono nikauliza, kwa heshima: kama hakuna mwenye makosa, nani ataleta mbuzi? Darasa likacheka. Wewe hukucheka. Uliandika ubaoni: "Swali hili linaficha hofu gani?" Mama, swali langu halikuficha hofu. Lilificha njaa.

2. Mtihani wa vitendo haukuwa wa haki. Ulimpa Kasimu, yule seremala, aigize mume aliyehama nyumba, na Chileshe aigize mke. Mimi nikawa mpatanishi. Ulisema nisikilize kwanza. Nilisikiliza. Nilimsikiliza Kasimu mpaka alipofika kwenye neno "lakini", hapo nikaelewa yote na kumtoza mbuzi mmoja. Ukapiga meza: "Papa Edouard, hata bibi hajasema!" Nikakueleza kwamba haikuwa lazima, uso wa mwanaume ulitosha. Kasimu akaruka: "Mimi niko naigiza tu, papa! Kwangu tuko muzuri na bibi yangu!" Nikamwambia ndivyo wanavyosema wote, nikamwongezea mbuzi wa pili kwa kudharau kikao. Sasa nasikia mke wake wa kweli amepata habari na ameanza kumuuliza maswali. Wewe unaita hiyo kufeli. Mimi naita uchunguzi.

3. Kanuni ya kurudia maneno ya mtu ni hatari kwa afya. Ulitufundisha kwamba mtu akisema kwa hasira, mpatanishi ayarudie maneno yake polepole, baada ya kuyatoa sumu. Nilijaribu nyumbani. Delphine alisema mdomo wangu ni radio isiyokuwa na kifungo cha kuzimia. Nikajibu kama ulivyofundisha: "Nasikia unasema ungependa tuzungumze kwa zamu." Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Kisha akasema: "Ndiyo, papa. Ni ile tu." Chakula kizima nikakila bila mtu wa kubishana naye. Tangu Warumi mpaka leo, Mama, watu wamejenga miji, sheria na maktaba kwa kubishana. Onyesha daraja moja lililojengwa na "nasikia unasema".

4. Sasa nafika kwenye kidonda. Kabla ya mafunzo, niliitisha mwenyewe kikao cha familia sebuleni kwangu. Wakwe walitoka Kasungami na nguo zao za kanisani. Kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine mwenye elimu ya kutosha, nilikuwa baba wa mlalamikaji, mwendesha mashtaka na hakimu. Nilimtoza Elisée mbuzi watatu. Alisimama, akasema "Asante, papa," akatoka. Mbuzi hawakuja. Na mjukuu wangu Fils, ambaye hajaanza hata shule, hakukanyaga tena kwangu. Mvua zimekuja na kwenda bila mimi kumwona. Cheti nilichokitaka kwako kilikuwa cha kumrudisha mtoto huyo, kwa hoja na kwa mhuri.

Baada ya kunifelisha, ukawapokea Léa na Elisée wewe mwenyewe, na mlango ukaufunga. Mimi nilikaa nje kwenye benchi. Dirisha lilikuwa wazi, sikulifungua mimi. Nikamsikia Elisée: "Mama, mimi nilikuwa naogopa ile nyumba ya papa. Kule kila siku iko tribunali, kila siku hukumu." Badala ya kumkosoa, wewe ulirudia maneno yake, polepole, ili yaingie vizuri! Léa akasema: "Hata mimi." Hata mimi! Shahidi wangu mkuu, ambaye nilikuwa namtetea bure!

Kisha ukawauliza swali moja: "Mutoto atalala wapi muzuri?" Jioni haijafika, wakawa wamekubaliana. Hawarudiani. Mtoto atakaa kwa mama yake siku za kazi, kwa baba yake mwisho wa juma, na Jumapili mchana baba atamleta kwa babu na nyanya, kwa sharti kwamba hapo kwangu hakuna atakayemhukumu baba yake mbele yake. Walitoka wakitembea bega kwa bega, watu waliokwisha kuachana, wakizungumza juu ya viatu vya mtoto! Niliuliza nani ameshinda. Léa akanishika mkono: "Papa, twende nikufikishe nyumbani."

5. Fikiria ugonjwa huu ukienea. Wajomba watakosa kazi. Mashemeji waliotengana watasalimiana sokoni, na watu hawatajua tena wasimame upande gani. Wanafunzi wako watafika mpaka chuo kikuu pale Kasapa, na wasomi wa huko, wanaoishi kwa kubishana, wataanza kuulizana wanajisikiaje. Mwishowe utaingia kwa wanasiasa. Siku moja mmoja wao atamsikiliza mwenzake mpaka mwisho, na siku hiyo, Mama, sisi tunaoandika barua kwenye magazeti tutakula nini?

Kwa hiyo nadai nipewe cheti changu. Nadai mwenye makosa arudishwe mahali pake katika familia za Katanga. Na sharti la Jumapili lifutwe leo hii, maana nyumba yangu ni jamhuri huru, na ndani ya jamhuri huru babu anasema anachotaka, hata kama hakuna mtoto wa kumsikia.

Msalimie Chileshe, aliyeigiza kwa ustadi mke ambaye sikumpa nafasi ya kusema. Msalimie Kasimu, mwambie nimempunguzia mbuzi mmoja. Wasalimie wanafunzi wote waliofaulu na kunyamaza. Delphine anakusalimia pia, kwa furaha ambayo siielewi.

Ni mimi, niliyefelishwa lakini sijashindwa,

Edouard Kasonde
mwalimu wa historia

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Elisée amefika na mtoto. Alitaka kumwacha mlangoni na kurudi zake. Nimemwambia aingie, chakula kiko tayari. Sasa yuko mezani kwangu anamega tonge za bukari, na Léa, aliyekuja kumchukua mtoto, anamwongezea mboga. Fils amelala juu ya mapaja yangu, ndiyo maana mwandiko umepinda. Yule mwanaume bado ana kosa, sina shaka hata kidogo. Nimekuwa nikijaribu kukumbuka ni lipi, ila mtoto anapumua kwa sauti na siwezi kufikiri. Mafunzo mengine yanaanza lini? Na tafadhali, Mama, barua hii anza kuisoma hapa.