Ng'ombe wa Mwalimu Benon

Jumatatu, 3 Februari 2025
Mkuu wa chuo, Madamu Mugeni, kaniita ofisini. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wa kuandika programu za kompyuta wanasinzia darasani. Mtihani ni Ijumaa. Wakianguka tena, darasa anapewa Kaliza, mwalimu aliyekuja juzi tu na tayari ana ufunguo wa chumba chenye projekta. Nimemwambia Madamu asiwe na wasiwasi. Wasiwasi ninao mimi.

Jumanne, 4 Februari
Nimepata! Mchezo. Walimu wengine hutoa nyota. Nani Kigali atahangaikia nyota? Mimi natoa ng'ombe. Zoezi moja sahihi, ng'ombe mmoja kwenye kompyuta. Mwenye zizi kubwa ndiye bingwa. Wameamka wote. Kaliza kachungulia mlangoni. Nikaufungua zaidi, aone vizuri.

Jumatano, 5 Februari
Gakwaya anaongoza. Gakwaya, ambaye hajawahi kuandika hata mstari! Kumbe kagabiwa na marafiki, kila mmoja kampa ng'ombe wa zawadi. Kirezi, kichwa cha darasa, hana hata ndama. Kagawa wote na sasa anaheshimika kuliko mimi. Nilitaka kupiga marufuku. Wakaniuliza kama kwetu mtu akigabiwa ng'ombe hunyang'anywa. Nikawaacha ng'ombe walipo. Kwetu hanyang'anywi.

Alhamisi, 6 Februari
Ng'ombe wamejaa hadi majina hayaonekani. Kirezi kanieleza kwa upole: "Ticha, ng'ombe iko inazaa. Ulitaka ikae tasa?" Wameandika programu yenye kitanzi, amri inayojirudia yenyewe: kila kukicha, kila jike anazaa. Wameiandika wote, hata Gakwaya kachangia. Wizi mtupu. Nimeifuta, ng'ombe na ndama. Watoto hawa hawataki kabisa kujifunza programu.

Ijumaa, 7 Februari
Swali la kwanza la mtihani: andika kitanzi. Hakuna aliyegusa kibodi. Walikaa kama wafiwa, wakiwalilia ng'ombe wao. Madamu Mugeni kampa Kaliza darasa hapo hapo. Kaliza kamwomba Kirezi nakala ya programu ya zizi, kawaambia waiandike upya, kila mtu peke yake. Huo ndio mtihani. Wamefaulu wote. Nimekaa kwenye ngazi. Imeniuma sana.

Jumamosi, 8 Februari
Madamu kanihurumia, kanipa darasa la jioni. Nimetafakari. Kosa lilikuwa ng'ombe. Sasa ni mbuzi, madume watupu: hawazai, na hakuna anayemgabia rafiki yake mbuzi. Gakwaya kapita kunipa pole, nikamweleza. Kauliza kama itaruhusiwa kuwachoma.
Wazo zuri. Nimeongeza kitufe cha moto.