Senta ya Neti za Vifaru Vidogo, Dranya

Mke wangu Driciru alikufa Jumanne. Pikipiki iligonga yeye kwa barabara ya Dranya. Alikuwa anatafuta senta ya neti, siku ya kufungua. Alhamisi tulizika yeye nyumbani, Adumi. Mheshimiwa Alionzi alishika maikrofoni kabla maiti haijaingia chini. Mimi nilitaka jambo moja tu: aseme hiyo senta iko wapi. Alisema hivi.

"Mheshimiwa mimi mwenyewe, Padre, Chameni wa LC, serikali ya kijiji, na kabineti yake, wazee wa ukoo, mama wa kwaya, watu wa tenti, watu wa jua, mfiwa Bwana Ayiko, na wewe marehemu, protokoli yote imefuatwa. (Ayiko ndiye mimi. Wachimba kaburi wanaegemea jembe.)

Mimi nasimama hapa kama Mratibu Mkuu wa Stiaringi Komiti ya Senta ya Neti za Vifaru Vidogo, na kama hamujui, kule Ulaya iko watu wazima, watu na ndevu, wanatengeneza vifaru vya plastiki, askari yake urefu wa kidole, na hicho kifaru kinataka neti ya kujificha kama ya vita kabisa, na kwa risachi mimi nilifanya na simu yangu, asilimia tisini na saba ya hiyo soko iko inangojea West Nile yetu hapa. (Mutu mmoja anapiga makofi. Dereva yake.)

Marehemu alikuwa stekihoda mkubwa. Alichukua bandeji, akalowesha kwa gundi na maji, akamwagia majani ya chai, akapaka rangi ya nyasi kavu, akalegeza ianguke juu ya kifaru kama ya kweli, na hiyo teknoloji yote mimi ndiye nilileta. (Uongo. Alifundishwa na muze Obitre, ambaye alikuwa anashona neti ile kubwa ya vita jeshini.) Sampuli yake hii hapa. (Anatoa neti ya Driciru mfukoni. Anapanguza nayo jasho. Majani ya chai yanabaki kwa uso. Mama wa kwaya wanacheka ndani ya leso. Yeye anafikiri tunapenda yeye.)

Nikiendelea na implementesheni, mpaka wiki jana senta ilikuwa asilimia themanini na nne..."

(Pasca, dada ya marehemu, anasimama. "Mheshimiwa, pole kwa kukata maneno. Nyumba yenyewe iko wapi? Marehemu alinipigia simu Jumanne mchana. Alisema amezunguka tangu asubuhi, iko shamba tu.")

"Swali nzuri, mama. Sasa hiyo ndiyo kwaliti. Senta ya kazi ya kuficha vitu, wewe ukiiona kutoka barabarani, basi kontrakta ameharibu kazi. (Hakuna mutu anacheka. Pasca anakaa chini.)

Kwa hivyo semeni na mimi: neti ndogo, maendeleo kubwa. Neti ndogo... (Dereva: maendeleo kubwa.) Vifaru vidogo... (Dereva hajui hii.)

Namalizia na shukrani. Nashukuru mwenye shamba pale Dranya, ambaye mpaka leo analima muhogo yake bila kujua iko ndani ya plani yetu. Nashukuru kijana wa kompyuta aliyechora ile nyumba kwa karatasi, na rangi nzuri. Na zaidi nashukuru marehemu, kwa sababu kati ya mama mia tatu tuliwatangazia ufunguzi kwa redio, yeye peke yake alienda. Asante kwa kunisikiliza."

(Padre anasema tuombe.)

Tukashusha yeye. Tukafukia. Mheshimiwa alikuja kunipa mkono, majani ya chai bado kwa uso.

"Pole sana, muze. Wewe unajua kutengeneza hiyo neti? Sasa iko nafasi."

Nilisema hapana. Mimi napakia simenti kwa malori kule mpakani Vurra. Kesho narudi kazi.