Mimi, Fundi Abdul na Chozi wa Bustanini

Jumanne, 8 Julai

Leo nimeamka mtu wa kawaida na ninalala mtu mwenye jambo. Sababu ni bango. Limebandikwa kwenye geti la bustani ya mji, ng'ambo ya barabara kutoka studio yangu. Mashindano ya picha za ndege wa kawaida. Si tai, si korongo, si wale wa Ruaha wanaofuatwa na wageni wenye kofia pana. Hawa hawa wetu wa Iringa mjini: kunguru, shomoro, njiwa, chozi. Sharti ni moja, picha ipigwe bustanini au penye miti yoyote hapa mjini. Maonyesho Jumamosi ya wiki ijayo. Picha ya kwanza itatundikwa ukumbini mwaka mzima.

Mwaka mzima ukutani! Siku hizi watu wanaingia studio kwangu kuomba chaji. Wanajipiga picha wenyewe kwa simu, shingo zimepinda, halafu wananiuliza kama nina waya mwembamba. Zamani mtoto akibatizwa walisema, twende kwa Didas. Watasema tena.

Nilimweleza mke wangu, Mama Lea. Alikuwa anakoroga uji. Akasema ni vizuri, ila nimewahi kumpiga ndege picha? Nilimjibu nimepiga maharusi waliokuwa wamelewa, nimepiga mapacha wa miaka miwili. Ndege atanishinda nini?

Habari mbaya ni moja. Fundi Abdul naye amejiandikisha. Huyu ni jirani yangu wa ukuta mmoja, anashona nguo kwenye baraza tunayochangia. Ataingia na simu yake, ile ya kioo kilichopasuka. Nilicheka. Yeye naye akacheka. Sidhani kama tulikuwa tunachekea kitu kimoja.

Alhamisi, 10 Julai

Mpango wa kwanza: chambo. Ndege ni mlaji, na mlaji huja kwenye chakula. Nikaingia bustanini asubuhi na mfuko wa mtama, nikaumwaga mwingi katikati ya nyasi, nikalala kifudifudi na kamera. Baridi ya Julai ilipanda kutoka ardhini mpaka kwenye meno. Sikujali. Nilikuwa na furaha ya mwindaji.

Wakaja njiwa. Wakaja wengi kiasi kwamba nyasi hazikuonekana. Nilipiga. Nimezitazama picha zote: migongo. Halafu wakaja kuku wa nyuma ya bustani, wakawafukuza njiwa. Halafu mbuzi wawili, wakawafukuza kuku. Mmoja alimaliza mtama akaanza mkanda wa kamera. Picha ya mbuzi imetoka safi sana. Inauma.

Nilipoinuka nikamwona Abdul kwenye benchi lake chini ya mjakaranda, anakula chakula cha mchana. Miguuni pake shomoro, wametulia kama wajukuu. Nikamfuata nikamwambia anavutia ndege kwa pilau ya mkewe, na huo si ushindani wa haki. Aliniangalia. Akaniangalia nilivyojaa mavi ya njiwa.

"Jirani," akasema, "mimi hapa nakula tu. Hawa nawakuta."

Sikumwamini. Niliporudi nilichukua chaki nikagawa baraza: huku studio, kule cherehani. Baadaye nikagundua kiti cha wateja wangu kimebaki upande wake. Mteja pekee wa leo alikaa huko, Abdul akaongea naye hadi akaagiza suruali.

Jumamosi, 12 Julai

Mpango wa pili ulikuwa mzuri zaidi. Ndege anaogopa mtu. Basi mtu asiwepo. Nilikata matawi, nikayashonea kwenye koti langu la zamani, kichwani nikavaa kikapu kilichojaa majani. Mama Lea alinikuta mlangoni. Aliingia ndani akafunga mlango, nikasikia anamwita Lea aje aone dirishani.

Nikajipanga penye mishubiri. Mwezi huu imechanua, maua mekundu yamesimama kama mishumaa, na chozi wanapenda kunyonya humo. Chozi ni ndege mdogo kama kidole gumba, mdomo umepinda, shingo inang'aa kijani ukimpata juani. Huyo ndiye ninayemtaka. Hatulii. Lakini nilikuwa kichaka, na kichaka hakina haraka.

Naye akaja. Akatua karibu mno, nikaona mpaka kifua kikipanda na kushuka. Nilishika pumzi. Nilikuwa nainua kamera polepole, polepole kabisa, wakati maji baridi yaliponipiga kisogoni.

Yotamu, mtunza bustani, alikuwa anamwagilia. Kwa mpira. Alipoona kichaka kinaruka na kulaani kwa Kihehe, naye akaruka, mpira ukamponyoka, ukaendelea kunimwagilia peke yake. Baadaye aliniomba radhi kwa heshima zote, akasema alishangaa kidogo kuona mti ambao hakuupanda yeye, ila ulionekana mkavu, akauhurumia.

Kamera imepona. Mimi sijui.

Jumapili, 13 Julai

Kitandani. Mafua. Kanisani wameenda bila mimi. Mama Lea ameacha chai ya tangawizi, na maneno pia: kwamba Abdul amemwuliza hali yangu, na kwamba mtu mzima anaweza kufuta chaki kwa mguu tu, haihitaji hata maji.

Sina nafasi ya chaki. Nina wazo! Limenijia katikati ya chafya. Tatizo la chozi si chambo wala kujificha. Tatizo ni kwamba ni mzima. Kitu kizima hakitulii. Ninahitaji chozi asiye mzima.

Jumanne, 15 Julai

Nilisubiri Abdul aende msikitini kuswali adhuhuri, nikavuka mstari wangu mwenyewe. Mkewe, Mwanakhamisi, ndiye fundi wa vitu vidogo pale: vifungo, maua ya kitambaa, mapambo ya maharusi. Nikamwambia, shemeji, naomba unishonee ndege. Mdogo, wa kijani, mdomo uliopinda. Ni wa mtoto wa dada yangu kule Mafinga.

Akauliza mtoto ana umri gani. Nikasema mdogo. Akauliza mtoto mdogo anataka chozi, si mdoli? Nikasema ana akili sana. Mwanakhamisi ni mtu wa asili ya pwani, anajua kukutazama mpaka ukajisikia una deni. Lakini alikubali.

Jioni akanipa. Sijawahi kuona kitu kama kile. Shingo ya satini iliyobaki kwenye gauni la mpambe. Macho shanga nyeusi. Mdomo sindano iliyokunjwa, ikapakwa wino. Mabawa kitenge, tumbo kipande cha khanga kuukuu, laini. Nilitaka kulia. Nikamwambia mtoto atafurahi mno. Akasema anamwombea huyo mtoto akue awe mkweli.

Alhamisi, 17 Julai

Siku kuu. Jua limetoka, upepo hakuna, Yotamu yuko upande wa pili na fyekeo. Nikamfunga ndege wangu kwa uzi juu ya ua la mshubiri. Nikarudi nyuma. Hatikisiki. Hapigi kelele. Alikaa kama bwana harusi aliyelipa mwenyewe.

Ila kulikuwa na kero. Nilipoanza tu kupiga, akatokea chozi mwingine. Huyu mzima. Akamwona wangu, akakasirika. Akatua mbele yake, akatanua mabawa, akavimba kifua mpaka rangi zote zikatoka, akaanza kumchomachoma. Wako uso kwa uso, midomo imekutana, jua limewapiga wote wawili. Picha yangu ilikuwa inaharibika kabisa.

Nilimfukuza kwa mkono. Akarudi. Nikamfukuza kwa kofia. Akarudi na kusimama juu ya kichwa cha wangu, ameinua kidevu kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Ndipo nikavua kandambili nikamrushia. Akaenda zake, nikapata utulivu wa kufanya kazi ya kitaalamu.

Picha ni ya ajabu. Nimeichapa kubwa kama mlango. Nimeipeleka.

Jumamosi, 19 Julai

Nitaandika yote.

Ukumbi ulijaa. Picha yangu ilikuwa katikati ya ukuta, kubwa kuliko zote. Watu walisimama mbele yake. Nilimsikia mtu anasema "kwa Didas hiyo", nikavimba kama yule chozi. Mama Lea alivaa gauni la sikukuu. Lea aliniletea soda bila kuombwa.

Jaji alikuwa Mwalimu Sekela, mama wa Tukuyu aliyefundisha baiolojia hapa Iringa mpaka akastaafu. Alisimama mbele ya picha yangu muda mrefu. Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa tumbo la ndege.

"Baba Lea," akasema kwa upole, "huyu ndege ameandikwa."

Nikasema manyoya ya chozi yana mapambo ya asili. Akasema ndiyo, ila haya yameandikwa JIRANI MW. Akasoma kwa sauti, maana ndiyo kazi aliyoizoea. Chini ya bawa, kwenye ile khanga kuukuu ya Mwanakhamisi, herufi zilikuwepo kweli. Kamera yangu ni nzuri mno. Kamera mbaya ingenisitiri.

Ukumbi ulicheka. Si kicheko kibaya cha mtaani, hapana, ni kile cha watu wanaokufahamu, ambacho ni kibaya zaidi. Nilitazama viatu vyangu. Nilitafuta mlango. Hapo Abdul akasimama katikati ya watu, na kofia yake, na simu yake iliyopasuka.

"Huyo ndege ametoka nyumbani kwangu," akasema. "Kashonwa na mke wangu kwa mikono yake. Kama amewadanganya nyote mpaka Mwalimu akavaa miwani, basi mpigieni fundi makofi. Na jirani yangu kampiga picha vizuri kiasi kwamba mnasoma mpaka maandishi. Nani mwingine hapa anaweza?"

Wakapiga makofi. Mwanakhamisi alifunika uso kwa mtandio, mabega yakicheka. Nami nikapumua. Tangu nimwambie lile neno la pilau sijamwomba radhi, na yeye amesimama. Nilimfuata nikamshika mkono. Akasema nimkanyagie chaki kesho, inachafua pindo za nguo.

Picha iliyoshinda ni yake. Shomoro kwenye goti la suruali, anavuta uzi mwekundu ulionata hapo kutoka cherehani, miguu ameikaza, kichwa nyuma, anavuta kwa nguvu zote apeleke kiotani. Abdul alikuwa anakula tu pale kwenye benchi, ndege akaja kuchukua uzi. Nilitafuta kasoro katika picha ile kwa muda mrefu. Nuru imekaa. Goti limekaa. Sikupata.

Kabla sijaondoka Mwalimu Sekela alinivuta pembeni. Aliuliza, nilipomfunga yule wa kitambaa, hakuna chozi wa kweli aliyekuja? Nikasema alikuja mmoja mkorofi, akatanua mabawa, akapigana naye uso kwa uso, akapanda juu ya kichwa. Macho ya Mwalimu yakawaka. Akauliza picha hiyo iko wapi. Nikamwambia hakuna, nilimrushia kandambili.

Mwalimu alikaa chini. Alikaa kwenye kiti kisichokuwa chake. Akasema kwa miaka yote aliyotazama ndege hajaona picha ya namna hiyo, na ingetundikwa si mwaka mmoja bali mpaka ukuta uanguke.

Nimelifikiria hilo njia nzima. Mama Lea aliuliza kama nimelielewa. Nimemwambia nimelielewa vizuri.

Jumatatu, 21 Julai

Nimelielewa! Kosa langu lilikuwa ndege mmoja. Chozi wa kitambaa akiwa peke yake, lazima wa kweli aje kuvuruga. Wakiwa wawili wa kitambaa, wanapigana wenyewe, hakuna anayehitaji mzima. Mabawa nitayatia waya. Khanga isitumike, au itumike upande usio na maneno. Mwakani nawamaliza.

Mchana Abdul alinialika kwenye benchi lake. Mwanakhamisi alikuwa amefunga chakula cha watu wawili. Nilikula pilau, ni tamu kweli, sasa nawaelewa shomoro. Nikaona huu ndio wakati wa kumshirikisha kama ndugu. Nikamchorea mpango wote chini kwa kijiti: ndege wa kwanza hapa, wa pili pale, waya huku, na mimi ndani ya pipa lenye tundu.

Nilikuwa nimefika kwenye pipa, Abdul akanigusa bega taratibu. Akaninong'oneza ninyamaze, nisigeuke, kuna chozi ametua kwenye kofia yangu na mwenzake yuko begani. Tayari alikuwa ameinua simu.

Nikamwambia jirani, ndege wapo siku zote, hebu nisikilize kwanza hili la pipa.