Mfalme Asiyezama

Jumamosi, 3 Februari
Shule ya babu inanifia mikononi! Shule ya kwanza ya wikendi kwa wachezesha wanasesere hapa mjini, na leo wamekuja watatu tu. Wengine wako kwa shemeji Banwari, ng'ambo ya ziwa. Amefungua yake, anagawa chai ya tangawizi. Hata Sugna, binti wa dada yangu, fundi wa uzi kuliko wote, kaniuliza eti kule chai ina maziwa? Nimeumia.

Jumapili, 4 Februari
Wazo! Mfalme, yule mwanasesere wa babu, amechakaa. Desturi ni kumwacha aelee ziwani kwa dua. Akikawia kuzama, nyumba yake imebarikiwa. Nimemfunga kibuyu kikavu ndani ya joho. Kesar, mke wangu, kasema hicho ni kibuyu chetu cha maji. Nikamjibu sanaa ina gharama. Kauliza, na akili je?

Jumatano, 7 Februari
Mji mzima ukingoni. Banwari kaninong'oneza: "Shemeji, huyo hafiki hata penye mayungiyungi." Kafika! Kapita! Jua linashuka, mfalme anacheza polepole juu ya maji, hakuna mkono unaomshika. Nililia. Kibuyu nilikisahau kabisa.

Jumamosi, 10 Februari
Bado anaelea. Wanafunzi wamejaa uani! Nikavaa kilemba chekundu. Wazee wakaja, wakanipa hongera, kisha wakanikumbusha: mwanasesere akiwa bado majini, mwenyewe yuko matangani, hashiki uzi wala hafundishi. Lo! Kwa kawaida ni saa moja tu, nani angekumbuka? Wote wakaenda kwa Banwari. Sugna akageuka mlangoni: "Akizama nitarudi, mjomba." Macho yake mekundu.

Jumapili, 11 Februari
Ukungu. Mfalme anazunguka katikati ya ziwa kana kwamba anasikia ngoma. Nimekaa naye mpaka chai ikapoa. Ng'ambo, filimbi ya Sugna. Anaipuliza vizuri, nilimfundisha mimi. Nimemkumbuka sana mtoto huyu.
Nikainuka na dawa! Banwari naye ana malkia mzee. Nikamsihi amwache aelee kesho, naye apate baraka. Kakubali, masikini. Nimemsaidia hata kumvisha malkia joho jipya. Kibuyu, kikubwa zaidi, kimekaa vizuri. Hatashika uzi mwaka mzima!
Kesar anauliza, sasa Sugna atafundishwa na nani?
Mwanamke huyu hajui kupanga mambo.