Tulivyopita Msibani na Singeli

Leo nimeaibika, na shimo nimelichimba mwenyewe.

Mnamjua Baba Zawadi na mziki wa gari. Mwezi mzima habari ni hiyo: redio, halafu spika nne, halafu amplifaya, halafu sabufa ijae buti lote. Buti! Hilo hilo tunalobebea mpunga! Jana fundi kafunga redio, ya mtumba, kitufe kimoja ndicho cha kuwashia na cha kuongezea sauti. Nikasema sasa basi. Nikampigia baba yangu mzazi, yuko Chita: "Baba, njoo uongee na mkweo." Akapanda treni.

Asubuhi, kabla hatujaenda kumpokea, nikakichomoa kile kitufe, nikakifukia kwenye ndoo ya mchele. Bila kitufe atawasha na nini? (Fomu Foo yangu hiyo.)

Kumbe fundi aliiacha imewashwa, sauti mwisho! Baba Zawadi kugeuza swichi ya gari tu, singeli! Mtoto akaangua kilio. Mwanaume anapapasa redio, kimebaki kijiti kinateleza.

"Mama Zawadi, kitufe kiko wapi?"

"Mi nitajua?"

Hapo ndipo ningesema, yakaisha. Hasira haikuniruhusu.

Stesheni: "Shikamoo baba!" "Nini?" "SHIKAMOO!" Marahaba yake sikuisikia. Tukapakia gunia lake la mpunga, tukaondoka vioo vinatetemeka.

Tunaingia Kibaoni, mbele turubai. Msiba. Na msibani hupiti na mziki, uwe na haraka gani. Baba Zawadi akazima gari, maana njia nyingine ya kuuzima mziki hakuna. "Tusukume." Mimi kwenye usukani, mtoto mapajani. Nyuma mume wangu na baba yangu na koti lake la safari. (Mgeni! Hata maji hajanywa!)

Waombolezaji wakatuonea huruma. Wanaume wakainuka kwenye mabenchi, "Poleni jamani, limewazimikia?" wakasukuma nao. Mmoja akapitisha mkono dirishani: "Dada, mbona hujaweka swichi?" Akaigeuza.

Yesu na Maria!

Kina mama waliokuwa wanalia wakanyamaza. Nilipopata akili ya kuzima, wazee wamemzunguka Baba Zawadi. "Huna adabu wewe! Huna ndugu?" Naye anaapa, kitufe kimepotea, wazee wangu, kimepotea. Jasho linamtiririka. Nikashindwa kuvumilia.

"Kiko kwenye ndoo ya mchele. Nimekificha mimi."

Wazee wakamwacha, wakanigeukia mimi. Heri ile singeli.

Baba Zawadi hajanifokea mpaka sasa, na hilo ndilo linaloniuma. Baba naye, niliyemwita aje kunitetea, alifika nyumbani akanywa maji, akanitazama weee, kisha akasema, "Mkwe wangu, funga hiyo sabufa. Ila kitufe tembea nacho mfukoni."

Jumamosi fundi anakuja. Kesho narudi kwa wafiwa kuomba radhi, sijui nitaanzia wapi.

Mkicheka, chekeni kwa sauti ndogo. Nyie kitufe mnacho.