Ila ya Baiskeli Namba Arobaini na Moja

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Baiskeli imeonekana! Nimeiona kwa macho yangu. Yaani nimeona namba yake. Nilimpelekea karani wa manispaa mwavuli wake (dukani kwangu natengeneza miavuli na zipu; huu vijiti viwili vipya, kazi safi), na pale ukutani nikakuta tangazo: mnada wa baiskeli zisizo na wenyewe, Jumamosi saa tatu asubuhi. Namba 41: nyeusi, kiti cha ngozi, kengele mbili. Kengele mbili! Mji mzima nani ana kengele mbili isipokuwa baba mkwe wangu?

Nijieleze, ijapokuwa shajara ni yangu na hakuna anayeniuliza. Baba mkwe alikuwa mpeleka barua kwa miaka thelathini. Goti lilipomsumbua aliniazima baiskeli yake kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia niitunze kama yai. Nikaitunza. Kisha siku moja nikaiegesha nje ya baraza la drafti, nikashinda michezo mitatu mfululizo, nikarudi nyumbani kwa miguu nikiimba. Nikiwa nyumbani nilidhani iko dukani. Nikiwa dukani nilidhani iko nyumbani. Siku ya tano mke wangu akauliza, nikasema iko kwa fundi. Siku ya sita nikakumbuka, nikakimbia, nikakuta nguzo tupu. Tangu hapo iko kwa fundi. Inasubiri kipuri kutoka ng'ambo.

Sasa goti limepona. Mzee amepiga simu: anakuja Jumamosi mchana kuchukua baiskeli yake.

Mwenye akili fupi angesema, nenda kadai. Thubutu! Anayedai jina lake hubandikwa ukutani, pamoja na mahali baiskeli ilipookotwa. Na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni msoma mita za maji. Anapita kila mtaa, anasoma kila ukuta. Hapana. Nitainunua mnadani kimyakimya. Saa nne niko nyumbani, saa sita mzee anaikuta imeegeshwa mlangoni. Mpango huu hauna tundu hata la kupitisha uzi.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimekwenda stoo ya manispaa kukagua, nikijifanya mnunuzi. (Mimi ni mnunuzi. Lakini nilijifanya mnunuzi mwingine.) Nilitegemea kukuta rundo la vyuma na kuku wakitaga humo. Lo! Nimeaibika kwa niaba ya duka langu. Sakafu imefagiliwa. Baiskeli mia moja na nane, safu sita, magurudumu yote ya mbele yanatazama mlango. Kila moja ina kadi kwenye usukani: namba, tarehe, ilipookotwa, na hali iliyokuwa nayo.

Mwenye stoo ni mama wa makamo, miwani yake ina uzi. Wote wanamwita Mama Kadi. Nilimkuta na pampu. Kila Jumanne anajaza upepo magurudumu yote, anatia mafuta minyororo. Nikamuuliza kwa nini anahangaika na mali isiyo na mwenyewe. Akanisahihisha taratibu: mwenyewe yupo, ila hajafika. Aliniambia baiskeli ikiachwa mahali hufungwa kadi nyekundu siku tatu, mwenyewe apate kujirudi. Asipotokea, watu wake wanaileta stoo, na hapo inalala siku tisini. Nyingi hurudi kwao kabla ya mnada. Alilisema hilo kama mama anayetaja watoto waliomaliza shule.

Nilivutiwa, sifichi. Mke wangu hajawahi kupanga sufuria hivyo. (Asije akasoma hapa.)

Namba 41 iko safu ya tatu, inang'aa. Hilo ndilo tatizo. Kitu kinachong'aa kina wanunuzi.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mpango: kuichafua, asiitake mtu mwingine. Nikaenda na tope kwenye mfuko wa nailoni. Nikachutama safu ya tatu, nikapaka fremu, nikapaka kiti, nikaanza kengele. Mara viatu vinakuja! Nikavua kofia nikaanza kufuta kama mtu aliyeikuta hivyo.

Mama Kadi aliitazama kofia yangu iliyojaa tope. Akasema miaka kumi na miwili ya kazi hajapata kuona mnunuzi anayesafisha kabla ya kununua. Kisha akaniletea beseni, matambara, na sabuni ya kipande. Namba 41 nikaisugua yeye akiangalia. Halafu akanionyesha safu nzima iliyobaki. Hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema tu, "Baba, na hizi nazo zisione wivu."

Nimesafisha baiskeli kumi na nane. Mgongo umekufa ganzi. Namba 41 sasa unaweza kunyolea ndevu ukijitazama kwenye fremu yake. Nimejiongezea wanunuzi kwa jasho langu mwenyewe. Na bado, nikiondoka, mwanamke yule alinishukuru mpaka nikajiona mtu wa maana. Sijui amejifunza wapi.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Shemeji amepita dukani. Alijifanya anasoma mita. Mita aliisoma wiki iliyopita! Akaniuliza habari za fundi. Nikasema kipuri kimefika bandarini. Akauliza huyo fundi anatengeneza baiskeli au anaunda meli. Nikacheka, kwa sababu muungwana hucheka. Kisha, bila kuniangalia, akasema ameona tangazo la mnada, naye anatafuta baiskeli nzuri, ikiwezekana yenye kengele mbili.

Zipu niliyokuwa naishona nikaishona pamoja na mkono wa shati langu.

Nikamwambia, bahati mbaya, mnada umesogezwa mpaka Jumapili. Alinishukuru. Alinishukuru mno. Mtu akishukuru namna ile kuna jambo.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nilifikiri sana wakati wa kunywa chai. Shemeji akija mnadani, ana mshahara. Mimi nina miavuli. Atanishinda. Basi lazima nidai leo. Lakini si kwa jina langu. Nitadai kwa jina lake! Ukutani litabandikwa jina la shemeji, na yeye ndiye atakayeeleza baraza la drafti lilimhusu nini. Nilijipongeza. Nilijinunulia andazi la pili.

Foleni ilikuwa fupi. Mbele yangu kijana mmoja nadhifu alikuwa anadai baiskeli ya buluu. Aliisifu vizuri kweli: gia, taa, tairi mpya. Mama Kadi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ila?" Kijana akasubiri amalizie. Mama Kadi naye akasubiri. Kijana akasema ila nini? Akaambiwa arudi akikumbuka. Akatoka. Nikamcheka moyoni: mtu anaulizwa neno moja anababaika!

Zamu yangu. Nikataja jina la shemeji, nikaisifu namba 41 kwa ufasaha ambao sikujua ninao. Fremu imara, ngozi laini, mwendo kama maji. Mama Kadi akaandika. Akaweka kalamu chini.

"Ila?"

Nikajiandaa. Kijana alikosea kwa sababu alinyamaza. Nikajibu haraka: "Ila bei isipande!" Akatikisa kichwa. Akauliza tena, polepole, ila yake ni ipi. Hapo ndipo nikaelewa. Ila! Dosari! Kasoro ya baiskeli! Nikasema haina. Nikaongeza kwamba haina ila kama vile mke wangu hana ila. Watu wa nyuma wakaguna.

Akanieleza kwa upole. Sifa za kitu kila mtu anaziona. Hata mwizi anaziona, ndiyo maana akaiba. Ila ya kitu anaijua aliyeishi nacho. Kila anayekuja anamwomba ila moja tu, na kwa miaka kumi na miwili hajampa mtu baiskeli isiyo yake.

Nimevua kofia. Bila mashine, bila mlinzi, bila kumwita mtu mwizi! Neno moja la herufi tatu! Nilitaka kumpigia makofi, lakini aliyekamatwa nilikuwa mimi.

Na ila yenyewe siijui. Nimeiendesha miezi minane. Tatizo ni kwamba mimi nikiendesha huwa naimba, sisikii kitu.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Nilifika saa mbili. Nilimnong'oneza dalali kwamba mimi ni mtu wa siri, sitapiga kelele: nikigusa sikio ajue nimepandisha dau. Akakubali. Dalali mzuri, sauti kama tarumbeta, hamdanganyi mtu. Baiskeli mbovu anaitangaza mbovu.

Tulipofika namba 40, mlango ukafunguliwa. Shemeji! Na nyuma yake, kwa fimbo, na kofia yake ya kazi ya zamani, baba mkwe! Saa tatu na nusu asubuhi! Shemeji alisoma tangazo Jumatatu ileile, akampigia mzee aje mapema. Nikainama. Nikaficha uso kwa mikono miwili. Nikazunguka nguzo. Nilipoinua kichwa watu walikuwa wananipigia makofi. Nilikuwa nimegusa masikio mara nne, nimejipandishia dau mimi mwenyewe, na namba 40 ni yangu. Ni ya mtoto. Ina magurudumu matatu. Ya waridi.

Namba 41 ikaletwa. Kabla dalali hajafungua mdomo, mzee akanyoosha fimbo. Akasema hiyo ni yake. Mtu mmoja akapaaza sauti kwamba muda wa kudai uliisha jana. Mama Kadi akasimama, akasema kwake muda huisha nyundo ikigonga, na nyundo haijagonga. Kisha, mbele ya watu wote, akamuuliza mzee:

"Ila?"

Mzee alicheka. Akasema, "Mwanangu, una muda?"

Akaanza. Breki ya mbele haishiki mpaka uibinye mara tatu. Usukani unavuta kushoto, kwa sababu miaka mingi mfuko wa barua ulining'inia upande huo. Kengele ya kulia hujilia yenyewe kwenye mashimo, ndiyo maana aliongeza ya kushoto, watu wajue ipi ni ya kweli. Na kiti, chini, kilichanika mwaka alioolewa binti yake. Marehemu mama mkwe alikishona kwa uzi wa magunia ya barua, mishono kumi na mmoja, wa mwisho umepinda kwa sababu alikuwa anacheka.

Mama Kadi akageuza kiti. Akahesabu. Akapitisha kidole kwenye mshono wa kumi na moja, akavua miwani.

Mimi nililia. Naandika ukweli, nililia hadharani nimeshika baiskeli ya waridi. Nilikuwa nimekalia mishono ile miezi minane bila kuijua.

Kisha Mama Kadi, ambaye haruki mstari, akasoma kadi: "Imeokotwa nje ya baraza la drafti. Imefungwa nguzoni kwa kamba ya kiatu." Baba mkwe akatazama viatu vyangu. Shemeji akatazama viatu vyangu. Dalali naye akatazama. Cha kulia nimekifunga kwa katani tangu siku ile.

Nilitegemea fimbo. Mzee aliniita pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kupoteza hupoteza kila mtu. Ungesema tu." Mtu mzima yule, mwenye haki yote ya kunitukana! Kisha, na hapa ndipo nilipomheshimu kuliko binadamu yeyote, akanikabidhi usukani. Akasema atakaa kwetu mwezi mzima, na Jumatatu nimpelekee baiskeli kwa fundi, safari hii fundi wa kweli, breki itazamwe. Mke wangu aliposikia alimwambia baba yake kwamba ana moyo mkubwa mno. Mzee akajibu kwamba asiyeaminiwa hatajua kuaminika.

Nimeapa. Kuanzia leo, ukweli mtupu.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Nimetoka na baiskeli saa mbili, moja kwa moja kwa fundi. Kule nimekuta watu saba. Na fundi mwenyewe mikono michafu, vyuma vimetupwa ovyo, hakuna kadi hata moja. Nikajiuliza: hivi mimi, niliyeona stoo ya Mama Kadi kwa macho yangu, nimwachie mtu huyu mali ya baba mkwe wangu? Mzee alisema itazamwe vizuri. Nani katika mji huu anatazama baiskeli vizuri kuliko Mama Kadi? Upepo kila Jumanne, mafuta, paa juu. Breki ataiona tu, macho yake hayakosi kitu. Na ni bure! Wala si uongo. Mtu akiniuliza nitasema iko kwa fundi, na hakuna fundi kumshinda.

Nimeiegesha penye lango la soko, wanapopita watu wa manispaa. Sikuifunga, wasihangaike. Naandika haya nikiwa nyuma ya nguzo, nihakikishe inapokelewa kwa heshima.

Anakuja mmoja. Hana sare, labda iko kwa dobi. Ameangalia kulia, ameangalia kushoto. Watu makini hawa. Amebinya breki ya mbele mara moja, akakunja uso. Kumbe ila ameshaiona! Kadi nyekundu hakuifunga wala siku tatu hakusubiri, wamerahisisha utaratibu. Amepanda. Anakwenda kasi, kengele ya kulia inalia yenyewe, na ameshika njia isiyoelekea stoo. Bila shaka wana njia ya mkato.

Dakika nne tu! Huu ndio utumishi wa umma.