Kaniki Kwenye Mwamba wa Ipililo

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimekasirika. Naandika nimekasirika na nitalala nimekasirika.

Kazi ya mwamba wa korongoni imeanza. Mjiolojia wetu, Madamu Elizabeth, ameugawa ukingo sehemu mbili. Kusini kampa Kwandu, msaidizi mwenzangu. Kaskazini mimi. Kwa Kwandu kuna kivuli. Kwangu kuna nyigu! Kila mmoja aanzie chini, apande tabaka kwa tabaka, apime unene, adondoshe tindikali. Jiwe likitoa povu, ni chokaa. Lisipotoa, na likabanduka vipande vyembamba, ni tope la kale lililogeuka jiwe. Andika, chora, panda.

Kasema pia kwamba wiki ijayo tunahamia Nassa, na msaidizi mmoja tu ndiye ataendelea, kwa ajira ya kudumu. Mmoja! Ajira hiyo ni yangu. Mgongo wangu haurudi tena kubeba magunia stesheni ya Malampaka.

Jumanne, 15 Julai
Kwandu yuko tabaka la tisa. Mimi la nne. Na anapima huku akiimba nyimbo za kwaya!

Kwenye mchoro, chokaa huchorwa kama matofali. Nimechora matofali. Madamu kaniuliza nani anahamia nyumba hiyo. Wa Kwandu kausifu. Nilitamani kuuchana.

Jioni nikapata akili. Hapa Ipililo watu wakikuta kitambaa cheusi na unga wa mtama umenyunyizwa mahali, hupita mbali. Ni ishara kwamba ukoo fulani umewaita wazee wake waliolala makaburini. Kwandu anasali, sawa, lakini bibi yake anatambika. Ataogopa tu. Na nimeona kaniki nzuri imeanikwa kwenye ua wa minyaa.

Jumatano, 16 Julai
Safi! Nimewahi kabla ya wote. Kaniki kichakani, upande wa Kwandu. Unga chini. Kibuyu kilichopasuka pembeni. Kwandu kafika, kasimama, karudi nyuma. Nikampa pole nyingi. Nikapanda matabaka yangu nikiimba nyimbo zake.

Mchana mambo yakaharibika. Wachungaji wakaona, wakamwita Mzee Malimi, ambaye ng'ombe wake hulamba chumvi kwenye mwamba ule. Mzee kasema waliolala hawana kusini wala kaskazini. Mwamba ni mmoja. Umefungwa wote! Na nyundo yangu imebaki juu. Nani alimwalika huyu mzee?

Alhamisi, 17 Julai
Hakuna kazi. Madamu kapiga simu ofisini Bariadi, kaambiwa amalizane na wenyeji. Mzee Malimi kasema si jambo gumu. Aliyewaita ajitokeze, aseme kwa sauti amewaitia nini, aseme kweli, kisha awaage kwa maji. Basi. Hataki mbuzi wala kuku.

Ningetoa mbuzi! Kusema kweli ndiyo siwezi.

Nimemwambia Madamu aniachie mimi, naelewana na wazee. Kanishukuru. Kwandu akanitazama tu. Hata kutazama kwake kunaniudhi.

Ijumaa, 18 Julai
Naandika nimekasirika kuliko Jumatatu.

Watu walijaa korongoni kama mnadani. Nikawaamkia wazee kwa adabu, mwangaluka, kichwa chini. Nikaeleza habari za mpita njia mmoja mrefu, mwenye baiskeli, aliyefunga kitambaa kile na kurudi kwao Shinyanga. Nilieleza vizuri mno. Wazee wakaanza kuitikia. Ndipo akasogea mayu Kabula, mama mwenye nyumba ninayopanga, aliyekuja kutazama tu. Akashika pindo la kaniki, lililoshonwa kwa uzi mwekundu.

"Hii ni yangu," akasema. "Niliianika kwenye minyaa. Na kibuyu ni cha jikoni kwangu. Danford, mwanangu, si ungeniomba?"

Kwa upole! Angenitukana ningepumua.

Mzee Malimi akanipa bakuli la maji. "Haya, waambie. Wametoka mbali. Waambie uliwaitia nini."

Mbele ya Madamu! Mbele ya wachungaji na mbwa wao! Nikanong'ona. Mzee akasema waliolala hawasikii vizuri. Nikasema kwa sauti: niliwaita ili Kwandu asipande. Mama mmoja akacheka, na korongo zima likafuata. Kwandu hakucheka. Akasema amenisamehe, akaenda kuanza tabaka la kumi. Mtu anasamehe bila kuombwa? Dharau gani hii!

Jumatatu, 21 Julai
Wamekwenda Nassa. Kwandu kakaa kiti cha mbele. Mimi niko Malampaka, magunia mgongoni, na wapagazi wenzangu tangu asubuhi wananiuliza leo nimemwita nani. Washenzi.

Nimefikiri sana kosa lilikuwa wapi. Nimeliona. Nilitumia kaniki ya mtu! Leo nimenunua yangu, mpya, ambayo hakuna duniani wa kuitambua. Mama muuzaji mchangamfu kweli. Kaniambia ana dada yake Ipililo, mwenye nyumba ya kupangisha. Nikamwambia Ipililo sipajui. Akanishonea pindo bure, kwa uzi mwekundu, kasema kwao wote hushona hivyo.

Imependeza. Kesho kuna lori la kwenda Nassa.